Tanuri Lilizimika, Makumbusho Hayakufika

Chini ya vilima vya Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, imelala akiba kubwa ya nikeli iliyogunduliwa katika miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano ya kuichimba, na ikajipatia asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel. Tangu hapo watu wa Ngara wamezoea kusikia habari za betri za magari ya umeme na za madini ambayo dunia nzima inayasaka. Mtoto wa darasa la saba katika Kata ya Nyakisasa naye neno nikeli analijua. Ila akitaka kuliona jiwe lenye nikeli limewekwa kando ya jiwe la kawaida, na mtu mwenye ujuzi amweleze tofauti yake, hakuna makumbusho ya umma mkoani kwake yatakayompokea.

Makumbusho ya Taifa yana vituo Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Kagera haina hata kimoja. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la kawaida kwa mkoa wa pembezoni: maendeleo hayajafika, yatafika. Historia inaeleza mengine. Ukanda huu wa kati ya Ziwa Victoria na mipaka ya Rwanda na Burundi ulikuwa na elimu ya metali iliyofundishwa hadharani kwa karne nyingi. Elimu hiyo iliporomoka hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu zinazojulikana. Anayetaka kuwarudishia watoto wa Nyakisasa sayansi ya metali sharti aanze kwa kuzielewa sababu hizo.

Darasa la moto

Wanaakiolojia wamekuta katika Kagera, Rwanda na Burundi mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka 2,000 na zaidi, pamoja na vyungu vya aina iitwayo Urewe. Huko Buhaya, kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, kilichimbwa na mwanaanthropolojia Peter Schmidt kuanzia mwaka 1970. Miaka michache baadaye wazee wa Kihaya waliokuwa vijana wakati kazi ya kuyeyusha chuma ilipokuwa ikikoma waliombwa waifanye upya mbele ya watafiti. Haikufaulu mara moja. Walilazimika kukumbuka, kujaribu, kukosea na kusahihishana, hadi tanuri likatoa chuma.

Walichokifanya ni sayansi kwa kila kipimo. Walichagua mbale, yaani mawe yenye madini ya chuma, kwa kuziangalia na kuzipima uzito mkononi. Walichimba shimo, wakaunguza ndani yake majani ya bwawani hadi shimo likajaa mkaa mwepesi, na juu yake wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa huo hustahimili moto mkali. Mirija ya udongo iliingizwa hadi ndani ya tanuri, na mivukuto ikapuliza hewa humo kwa saa nyingi mfululizo. Mkaa ukanyang'anya mbale oksijeni yake, mavi ya chuma yakatiririka chini, na sehemu ya chuma ikanyonya kaboni ya yale majani yaliyoungua ikawa chuma cha pua.

Schmidt na mhandisi Donald Avery waliyachapisha matokeo hayo katika jarida la Science mwezi Septemba 1978. Walidai kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba ndiyo sababu tanuri lilifikia joto la juu kiasi kile. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo ya hewa, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mabishano hayo yenyewe yanafundisha, kwa maana sayansi hukua kwa kupingana juu ya ushahidi. Kinachosikitisha ni kwamba yalifanyika kwa Kiingereza, katika majarida ya ng'ambo, mbali na vijiji vilivyoutoa ushahidi.

Upande wa Biharamulo na Geita, katika nchi ya Wazinza, walikuwepo Barongo, wahunzi waliojulikana kote katika kanda kwa majembe yao. Nao walichunguzwa na Schmidt, na kazi yao ikaandikwa vitabuni. Kwa Barongo tanuri lilikuwa na miiko na dawa zake, na lilihesabiwa kama mama anayezaa. Miiko hiyo ilikuwa na kazi ya kufundisha pia. Kijana aliyejua nani anakaa wapi, nini kinatiwa lini na kwa nini mwali unabadilika rangi, alikuwa ameisoma kazi nzima bila daftari.

Moto ulizimwaje?

Hatua ya kwanza ya mporomoko ilikuwa ya uchumi. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliingia kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo, maana kuyeyusha chuma kulidai watu wengi, siku nyingi na magunia kwa magunia ya mkaa. Kisha kodi ya mkoloni ilimlazimu kila mwanamume kutafuta fedha. Buhaya, fedha zilikuwa kwenye kahawa. Ngara, wanaume wa Kihangaza na Kishubi walivuka hadi Buganda kufanya vibarua mashambani. Kijana aliyetakiwa kushika mvukuto msimu wa kiangazi akawa Uganda analima shamba la mwenzake. Mhunzi aliyebaki aliacha mbale, akaanza kufua chuma chakavu. Ufundi wa nyundo ukaendelea kuishi, maarifa ya tanuri yakabaki vichwani mwa wazee.

Hatua ya pili ilikuwa ya watu wenyewe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Ugonjwa ule uliwaua zaidi watu wa makamo, yaani kizazi kilichopaswa kupokea kwa wazee na kukabidhi kwa watoto. Schmidt, aliporudi Katuruka miaka mingi baada ya uchimbaji wake, aliyakuta mapokeo simulizi yamepungukiwa sana na watu wa kuyasimulia. Ngara nayo ilipata mtihani wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na wilaya ikageuka kambi. Kwa miaka iliyofuata, kuni, maji, ardhi na usalama vilitangulia kila mjadala, na ndivyo ilivyostahili. Ila katika mazingira ya namna hiyo hakuna aliyekaa na mzee kumwuliza tanuri lilijengwaje.

Hatua ya tatu ni ya taasisi, na hii haiwezi kusingiziwa soko wala maradhi. Makumbusho yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano yalirithiwa na taifa huru. Mwaka 1967 kikaongezwa Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilijengwa ili zihifadhiwe. Kuanzia miaka ya 1990 jamii kutoka mikoani zilialikwa pale kuonyesha ngoma, vyakula na ufundi wao. Mpango huo ulikuwa na nia njema, na umewapa wakazi wa jiji elimu kubwa. Tatizo lake ni njia iliyochaguliwa: maarifa husafiri kutoka kijijini kwenda mjini, na hayana safari ya kurudi. Kutoka Rusumo hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,300. Mzazi wa Nyakisasa hawezi kumpeleka mtoto huko kutazama nyumba ya msonge, na hata akiweza, mtoto atarudi ameona nyumba tu. Kwa nini mwali hubadilika rangi, hataelezwa.

Hapo ndipo lilipo kosa kuu la makumbusho yetu kuhusu sayansi. Tumeweka maarifa ya wahenga katika kabati la utamaduni, tukaliacha kabati la sayansi kwa wageni. Mvukuto huonyeshwa karibu na ngoma na pembe, ukiwa na kibandiko cha jina la kabila. Wakati huohuo mwanafunzi wa sekondari husoma uziduaji wa metali katika kemia kwa Kiingereza, kwa mchoro wa tanuri refu la kiwanda cha Ulaya ambalo hajapata kuliona, na huenda asilione kamwe. Oksijeni inayoondolewa ni ileile, kaboni ni ileile. Ila hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumwambia kwamba mtihani anaojiandalia, watu wa mkoa wake waliufaulu miaka 2,000 iliyopita.

Mifano inayokanusha kukata tamaa

Yapo mambo katika ukanda huu yanayoonyesha kwamba mporomoko haukuwa majaliwa. Kampala, katika miaka ya 1950, mhifadhi Klaus Wachsmann alikataa kuacha ala za muziki zikae kimya kabatini. Aliwaita wapigaji wenyewe wazipige mbele ya wageni ndani ya Makumbusho ya Uganda. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement na Wasukuma walianzisha makumbusho katikati ya jamii yenyewe, na ndani yake ufundi wa mhunzi ulipewa nafasi yake. Ngoma za Bujora hadi leo huwakusanya watu ambao hawajawahi kuingia makumbusho ya mjini. Na Katuruka, baada ya hasara yote ile, wanakijiji waliunda kamati wakaanza wao wenyewe kukusanya masimulizi na kuyafufua maeneo ya kale, watafiti wakawa wasaidizi.

Mifano hii mitatu haishirikiani wingi wa fedha. Inashirikiana utaratibu: mwenye ujuzi yupo, kazi inafanyika mbele ya macho, na jamii ina kauli juu ya kinachoonyeshwa. Pale utaratibu huo ulipotegemea mtu mmoja au mfadhili mmoja, uliyumba alipoondoka, na hili ni onyo kwa yeyote atakayeanza Ngara.

Wako watakaosema kwamba wilaya inayohitaji madawati, dawa na maji haina sababu ya kuzungumzia makumbusho. Hoja hiyo ni nzito, na ingetosha kama makumbusho yangekuwa jumba la vioo lenye kiingilio. Lakini ninachokizungumzia kinaweza kuanza katika banda la mhunzi. Wahunzi bado wapo, wakifua majembe, mapanga na visu kwa springi za magari na vyuma chakavu. Mhunzi anayepasha kisu moto, akakitia majini, kisha akakipasha tena kidogo ili kisivunjike, anafundisha sura nzima ya elimu ya metali. Mwalimu wa kemia anayempeleka mwanafunzi pale na kumwuliza kwa nini chuma kimekuwa kigumu, amefungua makumbusho bila kumwaga zege.

Jengo likihitajika, si lazima lianze kwenye msingi mpya. Biharamulo kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo liliwahi kukarabatiwa na kutumika kama nyumba ya wageni. Arusha, boma la namna hiyohiyo ndilo makumbusho ya elimu viumbe tangu mwaka 1987. Lililowezekana Arusha, ambako watalii ni wengi, liwezekane pia Biharamulo, ambako wanafunzi ni wengi.

Wakati ni huu, kwa sababu mbili. Kwanza, mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Amali bila mahali pa kuona kazi hugeuka somo jingine la kukariri. Pili, nikeli. Mgodi ukianza, utahitaji wapima miamba, wachomeleaji, mafundi wa maabara na wakaguzi wa maji. Kijana wa Nyakisasa asiyejua mbale ni nini ataingia mgodini kama mlinzi au mbeba mizigo, na kazi za ujuzi zitakwenda kwa watu wa mbali. Mbaya zaidi, kijiji kisichojua maji ya mgodi hupimwaje hakitaweza kuuliza swali la maana siku maji yake yatakapobadilika rangi. Elimu ya sayansi kwa umma katika wilaya yenye mgodi ni sehemu ya ulinzi wa watu.

Kwa hiyo wajibu unajulikana ni wa nani. Makumbusho ya Taifa yapeleke Kagera wahifadhi wake, na picha, filamu na maandishi yaliyokusanywa kwa Wahaya na Barongo yaletwe shuleni yakiwa kwa Kiswahili. Halmashauri za Ngara na Biharamulo ziwatambue wahunzi kama walimu wa amali na kuwalipa kwa siku wanazofundisha. Kampuni inayochimba nikeli itoe sampuli za miamba kwa kila sekondari ya wilaya, pamoja na mtaalamu wa kuzieleza, na jambo hilo liandikwe katika mpango wa huduma zake kwa jamii, lisiachwe kwa hisani ya meneja. Watafiti wa vyuo vikuu, wa ndani na wa nje, watakiwe kurudisha matokeo kijijini kabla kibali kipya hakijatolewa.

Hakuna kati ya haya linalohitaji teknolojia ambayo hatuna. Yanahitaji tuache kuyapima makumbusho kwa idadi ya vitu vilivyomo kabatini na ya watalii waliokata tiketi, tuyapime kwa idadi ya watoto wanaoweza kueleza, kwa lugha yao, jiwe linavyogeuka chuma. Kwa kipimo hicho Kagera ya miaka 2,000 iliyopita ilifanya vizuri kuliko sisi. Mwaka ambao nikeli ya Kabanga itaanza kusafirishwa, swali la jinsi jiwe linavyogeuka chuma liulizwe katika madarasa ya Nyakisasa, na majibu ya watoto yahesabiwe katika hesabu za mradi pamoja na tani na mrabaha.