Safari ya Shehena Nzito, Kutoka Kilindini Hadi Westlands

Apitaye Uhuru Highway akainua macho kuitazama ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27 tangu Mlolongo hadi James Gichuru kule Westlands, aghalabu hustaajabia nguzo zake, wala haimpitikii fikirani jinsi yale maboriti ya zege, yaliyomiminwa kwanza karakanani, yalivyochukuliwa moja moja juu ya matrela, yakapitishwa katika mji usioishiwa na matatu wala wachuuzi, kisha yakapandishwa mahali pake. Kazi hiyo ina elimu yake, nayo haijulikani sana na umma.

Wengi wetu hudhani kwamba kitu kizito hukaa kitako kwa sababu ya uzito wake, na kwamba kamba ni za mizigo myepesi ipeperushwayo na upepo. Dhana hiyo ni batili kabisa. Chukua transfoma ya tani 40, iliyowekwa juu ya trela ya sakafu ya chini. Kanuni za Ulaya, zifuatwazo na wahandisi wengi, hukadiria kwamba dereva akifunga breki kwa ghafula shehena husukuma mbele kwa nguvu iliyo sawa na sehemu nane katika kumi za uzito wake, yaani tani 32, na akikata kona kwa kasi husukuma upande kwa nusu ya uzito huo. Chuma kikikalia chuma kikavu, msuguano huzuia sehemu moja tu ya kumi, ambayo ni tani 4. Mvua ikinyesha, hata hizo usizitegemee. Lakini mbao zikitandikwa baina ya vyuma hivyo viwili, msuguano huzuia kama tani 12. Hapo ndipo mtu huona thamani ya ubao uliotupwa kando ya karakana! Tani 20 zilizosalia ni dhamana ya minyororo na kabari, na hakuna wa kuzibeba badala yao.

Tena minyororo nayo hutaka akili. Mkanda upitao juu ya shehena na kukazwa pande mbili hauivuti isiende mbele. Huigandamiza tu sakafuni ili msuguano uzidi, na ukilala hata ukafanya pembe ya digrii 30 na sakafu, nusu tu ya mvuto wake ndiyo igandamizayo. Kwa ajili hiyo mafundi hodari hufunga minyororo ya mshazari, mingine ikivuta mbele na mingine nyuma, tangu pete za shehena hadi pete za trela. Safari ikishaanza husimama baada ya mwendo mfupi wakaikaza upya, maana shehena hujikalisha na minyororo hulegea. Utingo aonaye uvivu kushuka pale ni hatari kuliko breki mbovu.

Kabla ya kufika barabarani, hata hivyo, shehena hiyo imekwisha kuonja bahari, ambako haisukumwi kwa dharura moja bali kwa kila wimbi, usiku na mchana, muda wa majuma kadhaa, merikebu ikienda mrama. Kanuni iliyopitishwa mwaka 1991 na Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari inatoa kipimo chepesi kukumbuka: jumla ya nguvu za vifungo vya upande mmoja wa shehena ilingane na uzito wake wote, na upande wa pili vivyo hivyo. Mnyororo ukatikao kwa tani 16 huhesabiwa nusu, tani 8. Basi transfoma yetu yataka minyororo mitano kushoto na mitano kulia, wala isifungwe wima mno. Bahari haina muhali: mnamo Novemba 2020 merikebu iitwayo ONE Apus ilipoteza makontena zaidi ya 1,800 katika Pasifiki, na makontena hayo ni mizigo ya kawaida tu.

Wazee wa kazi hii walikuwa na hila iliyo bora kuliko minyororo yote, nayo ni kukifumua kitu. Meli William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikaletwa Mombasa vipande vipande kabla reli haijafika bara, wapagazi wakachukua sehemu zake, ikaungwa na kushushwa majini katika Ziwa Nyanza mwaka 1900. Transfoma haifumuliki hivyo. Lakini ile kubwa humwagwa mafuta yake ili ipungue uzito, ikajazwa hewa kavu au naitrojeni, na ubavuni hutiwa chombo kinachoandika kila mtikiso. Mnunuzi hukisoma chombo hicho kabla ya kupokea mali, kwa hiyo uongo wa dereva hauna nafasi.

Katika Afrika Mashariki gari na mzigo wake, pasipo kibali maalumu, havipasi kuzidi tani 56. Mwenye shehena izidiyo kipimo huomba kibali kwa Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na gari huongozwa na magari ya tahadhari. Shehena iendayo Olkaria au Uganda ina njia ya kuuepuka mji: hushika Southern Bypass, ikapita kando ya msitu wa Ngong hata Gitaru, huko Kikuyu. Ile ya Westlands au Kangemi haina budi kupita katikati yetu, chini ya barabara ya juu, madaraja ya waendao kwa miguu na nyaya za umeme. Na hakika mwenye busara huipima njia kwa fimbo ya mita siku moja kabla, kuliko kuipima kwa shehena yenyewe.

Nawe uendeshaye gari dogo kwenye Waiyaki Way, ukiliona trela la namna hiyo na bendera zake nyekundu, usijipenyeze mbele yake ili kuokoa dakika mbili. Tani 32 za msukumo ule hufunguliwa na breki, na breki hiyo itafungwa kwa ajili yako.