Siyu, Mji Uliolindwa na Matope

Msafiri wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, hana budi kwanza kuuliza habari za maji. Mkono wa bahari unaoingia hadi mjini hupita katikati ya mikoko. Maji yakijaa chombo hufika, yakipwa hubaki tope tupu. Nahodha akichelewa kidogo hukwama, na abiria watangoja humo na kaa zao mpaka maji yarudi. Ndiyo maana wengi huona afadhali kuteremkia Mtangawanda, upande wa Pate, kisha wakakikata kisiwa kwa nchi kavu.

Lakini tope hilo wanalolilaani wasafiri ndilo lililoupa mji heshima yake. Sayyid Said bin Sultan, aliyekwisha kuitia Mombasa mkononi mwaka wa 1837, alikuwa na merikebu za vita ambazo pwani nzima ilizihofu, na merikebu hizo hazikuweza kuukaribia mji wa Siyu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1844 jeshi lake likateremka Faza, upande wa pili wa kisiwa, likaenda kwa miguu. Watu wa Siyu, chini ya Bwana Mataka, wakalikabili katika nchi wanayoijua wao. Jeshi likavunjika, na amiri wake, Hamad bin Ahmad, akauawa. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856 bila ya kutiishwa. Siyu ilikuja kushindwa mwaka wa 1863, zama za Sayyid Majid, na Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, akafungwa Ngomeni Mombasa, akafia humo.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake umesomwa majumbani mwetu kwa vizazi, alikuwa mke wa Bwana Mataka huyu huyu. Aliutunga mwaka wa 1858, naye mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Wanaousoma kama wasia wa mama aliyekaa raha nyumbani wakumbuke kuwa aliyeutunga alikuwa mjane wa mtu wa vita, eda yake haijapita zamani.

Siyu ni ya kale kuliko vita hivyo. Padre mmoja wa Kireno, Gaspar, alipita kisiwani mwaka wa 1606 akaiona kuwa ndiyo mji mkubwa kuliko yote ya Pate. Karibu yake yako magofu ya Shanga. Wachimbuzi walioanza kazi huko mwaka wa 1980 walikuta, chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe, alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Mji ule ulihamwa karne ya 15, na Washanga wa Siyu husema ndiko walikotoka. Wako pia wanaolitoa jina la Shanga katika Shanghai, kwa sababu ya mabaharia wa Kichina wasemekanao kuvunjikiwa na chombo hapo. Habari ya mabaharia sina ugomvi nayo. Lakini merikebu kubwa za Wachina zilikuja bahari hii karne hiyo ya 15, na Shanga ilikuwa imekwisha kusimama miaka mia saba.

Sifa ya Siyu wakati wa amani ilikuwa kazi ya mkono: makubadhi na mikanda ya ngozi, milango ya nakshi, visu, na zaidi ya yote misahafu. Tangu mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, waandishi wa mji huu waliinakili Kurani kwa kalamu na wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaizungushia kurasa mapambo, kisha mafundi wa ngozi wakaijalidi. Sisi tuliosomea chuoni juu ya misahafu ya chapa kutoka Bombay na Misri hatukuambiwa kuwa siku moja tu ya safari kwa mashua palikuwa na watu walioiandika wenyewe.

Baadhi ya misahafu hiyo sasa imo katika makumbusho ya ng'ambo. Iliyobaki imelala katika masanduku ya kina bibi, Lamu, Pate na Mombasa, ikiliwa na mchwa, na wenyewe hawajui walicho nacho. Ndugu msomaji, fungua sanduku la nyumbani kwenu. Ukikuta msahafu wa mkono, wenye rangi hizo tatu na jalada la ngozi, usimpe mchuuzi wa vitu vya kale. Utazame ukurasa wa mwisho, kwani waandishi wengine walitia hapo jina lao na mji wao, kisha uupeleke kwa sheikh wa mtaa wako akausome.