Utangulizi: Mbao Inayocheza

Kila darasa jipya likiingia, mimi huweka mezani vipande viwili vya mbao, msaji na jatoba, na kuuliza: ungekuwa unajenga, ungetandika kipi sebuleni? Wanafunzi huvikwaruza kwa ufunguo. Msaji huacha mchirizi, jatoba hugoma, na kura karibu zote huenda kwa jatoba. Hapo ndipo elimu hii inapoanzia, nami nakukaribisha uingie kwa mlango huohuo.

Ugumu walioupima una kipimo chake rasmi, kilichobuniwa na Gabriel Janka wa Austria mwaka 1906. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hukandamizwa kwenye mbao mpaka nusu yake izame, na nguvu iliyotumika hurekodiwa. Kipenyo hicho chenye desimali kilichaguliwa ili alama ichukue eneo la milimita mraba 100. Jatoba hupata zaidi ya mara mbili ya msaji. Wauzaji wanaipenda sana namba hiyo, na haidanganyi: inakuambia kama kisigino cha kiatu kitaacha kovu. Kuhusu kiangazi haisemi kitu.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutema, hata kama mti ulikatwa enzi za babu yako. Mafundi husema mbao "inacheza". Kwa urefu haichezi kiasi cha kukusumbua. Kwa upana ndiko kuna kazi, na hapo inategemea gogo lilipasuliwaje. Ubao uliopasuliwa kwa kufuata pete za gogo husinyaa takribani mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini.

Tupige hesabu. Ubao wa sentimita 12, uliopasuliwa kwa kufuata pete, umetandikwa pwani ukiwa na unyevu wa asilimia 16. Mwenye nyumba anafunga kiyoyozi, unyevu unashuka hadi 10. Msaji utasinyaa kama milimita 1.4, jatoba, milimita 2. Tofauti ndogo? Zidisha kwa mbao 30 za chumba kimoja: jatoba imesinyaa sentimita 6, na nyufa ziko wazi kumeza sarafu. Ugumu na utulivu ni tabia mbili, na sakafu huharibiwa zaidi na ukosefu wa hii ya pili.

Neno "mbao za kigeni" nalo litumie kwa tahadhari. Mvule wetu ukifika Ulaya ni mgeni aitwaye iroko. Msaji tunaouona wa nyumbani, kwa kuwa umejaa mashamba ya Longuza na Mtibwa, asili yake ni Asia. Na jatoba ya Brazili ina ndugu huku pwani: ni jenasi moja na msandarusi, mti ambao utomvu wake, sandarusi, ulisafirishwa karne ya 19 kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi.

Ukinibana nichague, nitataja mninga. Husinyaa kidogo mno, na rangi yake haihitaji kusifiwa. Lakini hukua polepole kwenye miombo, na mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori) uliofanyika Panama mwaka 2022 uliuweka, pamoja na mkongo, kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Mvule hautulii vibaya, ila huficha mawe ya chokaa ndani yake. Waulize wenye misumeno.

Sura ya kwanza haina nadharia nyingi. Inahitaji mizani, tanuri la nyuzijoto 103 na subira ya siku nzima: pima kipande, kikaushe, kipime tena, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu, upate kiwango cha unyevu. Njoo na kipande kutoka nyumbani kwenu, hata cha mguu wa stuli iliyovunjika.