Kelele, Mlio na Mrindimo: Jazi ya Kilatini kwa Msikilizaji Mwenye Hisi Kali

Utangulizi

Mtu anapolemewa na muziki, aghalabu husema kwamba muziki huo ni kelele. Naye aghalabu hujibiwa kwamba hajui muziki. Kauli zote mbili hazielezi jambo lolote. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha ni nini hasa katika jazi ya Kilatini ya ala tupu kinachomlemea msikilizaji mwenye hisi kali, na kwamba Kiswahili kina msamiati wa kulieleza jambo hilo kwa usahihi zaidi.

Kwa msikilizaji mwenye hisi kali tuna maana ya mtu ambaye sauti, mwanga au harufu humwingia kwa nguvu kuliko wenzake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, aliyeandika kitabu juu ya watu hao mwaka 1996, anaihesabu hali hiyo kuwa sehemu ya maumbile ya mtu, wala si ugonjwa. Wale ambao sauti za kawaida huwauma masikio ni suala jingine, nalo ni la daktari.

Chimbuko la muziki wenyewe

Jazi ya Kilatini ilikua mjini New York katika miaka ya 1940, pale midundo ya Kuba ilipokutana na jazi ya Wamarekani weusi. Bendi ya Machito iliundwa mwaka 1940, na kiongozi wake wa muziki, Mario Bauzá, alitunga "Tanga" mwaka 1943. Mnamo Desemba 1947 mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga konga Chano Pozo, mzaliwa wa Havana, walirekodi "Manteca". Tungo hizi hazitegemei mashairi. Katika wimbo wenye maneno, sikio hupata mahali pa kushika, kwani maana humwongoza msikilizaji. Katika ala tupu egemeo hilo halipo.

Sababu tatu za kulemewa

Sababu ya kwanza ni ukali wa mlio. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, lakini huwa jepesi zaidi baina ya 2,000 na 5,000. Katika eneo hilo kuna sehemu kubwa ya mlio wa kengele ya chuma, wa vijiti vinavyogonga ubavu wa timbale, na wa tarumbeta. Tena tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu, haizidi ukubwa wa sauti tu, bali mitetemo yake ya juu huongezeka, na mlio hubadilika tabia ukawa wa kuchoma. Kwa hivyo kupunguza sauti ya redio kunasaidia, lakini hakuondoi kila kero.

Sababu ya pili ni kupishana kwa mapigo. Msingi wa muziki huu ni klave, yaani mapigo matano yanayogawanywa matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Juu yake konga, bongo, timbale, besi na piano hushika kila moja njia yake. Katika "Afro Blue", utungo wa Mongo Santamaría uliorekodiwa mwaka 1959 akiwa katika kundi la Cal Tjader, mapigo matatu huenda sambamba na mawili kwa wakati mmoja. Akili hutabiri pigo linalofuata. Hapa inatakiwa itabiri kwa njia kadhaa pamoja. Kwa mmoja hiyo ndiyo raha yenyewe, kwa mwingine ni kazi isiyo na pumziko.

Sababu ya tatu ni kushtukiza. "Manteca" huanza chini kwa besi na konga, kisha ala nyingine huingia moja baada ya nyingine hata tarumbeta zipasuke kwa pamoja. Mwili hugutuka kabla fikira hazijawahi kusema kwamba huu ni muziki tu.

Suala la msamiati

Neno kelele huzifunika sababu hizi zote. Hata hivyo, lugha yetu inazitenganisha. Ngoma ya sauti nene huvuma, na wahenga waliiita moja ya ngoma hizo vumi kwa sababu hiyo hiyo. Ngoma nyingi zikilia mfululizo hurindima. Kengele hulia, na mlio wake waweza kuwa mkali au mwororo. Tarumbeta zikiingia ghafla, hicho ni kishindo. Basi mtu aweza kusema, "Mrindimo naupenda, mlio wa kengele wanichoma, na vishindo vyanigutusha," naye ameeleza mambo matatu yaliyo mbalimbali. Mtu huyo huenda akamsikiliza Tjader kwa starehe, maana vibrafoni, ingawa ni ya chuma, hupigwa kwa vijiti vyenye vichwa laini, na mlio wake ni mwororo.

Hitimisho

Jambo hili si la wapenzi wa jazi peke yao. Mtoto anayeziba masikio katika tamasha la shule huitwa mtovu wa adabu au mwoga, kwa kuwa hakupewa neno la kusema kinachomuuma. Mwalimu naye, asipokuwa na neno hilo, hajui amsogeze mbali na kengele au amtahadharishe kabla ya kishindo. Kadhalika uhakiki wa muziki kwa Kiswahili utabaki kuwa wa kusifu na kulaumu iwapo hautapambanua mlio na mrindimo. Tunapendekeza wanaleksikografia wakusanye istilahi za sauti kutoka kwa wapigaji ngoma wenyewe, pamoja na tanakali wanazotumia kufundishana, kabla hatujakimbilia kuazima kwingine.