Mtoto Mmoja, Majina Matatu

Tuseme kuna mvulana aliyezaliwa upande wa Pweto, akapewa majina matatu kama ilivyo desturi ya Kongo: Kisimba Tshibanda Georges. Kisimba kwa sababu ni pacha. Mwenzake ni Kabange. Vita vikawakimbiza, familia ikavuka mpaka kuingia Zambia, ikapokewa kwenye kituo cha mpito cha Kenani, mwishowe ikapewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge. Kwenye orodha ya wakimbizi ameandikwa majina yote matatu. Shuleni, mwalimu aliyezoea jina na ukoo amemwandika George Chibanda, kwa tahajia ya Zambia. Kliniki, mama yake alisema ni Joji wa Mama Kabange, na muuguzi akaandika alichosikia. Cheti cha kuzaliwa kilibaki nyumbani, kama kiliwahi kuwepo, kwa hiyo tarehe yake ya kuzaliwa imejazwa 1 Januari, kama ya watoto wengine wengi wa ukimbizini.

Mvulana huyu nimemtunga mimi, lakini tatizo lake ni la kweli. Mantapala ilifunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika mwaka uliotangulia, na serikali ya Zambia iliamua tangu mwanzo kwamba wakimbizi na wenyeji watumie huduma zilezile. Ulikuwa uamuzi mzuri. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba habari za mtoto mmoja zimetawanyika. Usajili uko kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi, matibabu Wizara ya Afya, mahudhurio Wizara ya Elimu. Na kama mtoto alipotezana na wazazi wake njiani akachukuliwa na familia nyingine, lipo pia faili la ustawi wa jamii, ambalo hufungiwa kabatini, na ndivyo inavyopaswa.

Kwa nini mtu atake kuziunganisha habari hizo? Jibu ni malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa zaidi na ugonjwa huu, na watafiti wamekuwa wakiufuatilia huko kwa miaka mingi. Mbu wake mkuu, Anopheles funestus, hupenda maji ya kudumu yenye majani, na ukanda wa Ziwa Mweru unayo tele. Shuleni ubaya wake haujifichui kwa homa. Mtoto aliyekwisha kuumwa mara nyingi anaweza kubeba vimelea bila kuugua, huku damu ikimpungua polepole. Anakuja darasani, anakaa, anasinzia. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule za Bondo, magharibi mwa Kenya: wanafunzi waliopewa dawa za kuzuia malaria mara moja kila muhula walikuwa na kiwango cha upungufu wa damu kilicho karibu nusu ya kile cha wenzao, na uwezo wao wa kutuliza akili kwenye kazi ukaongezeka.

Sasa uliza swali la Mantapala: mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkali wa damu, muhula unaofuata yuko darasani au ameacha shule? Na kama analelewa na watu wasio wazazi wake, je, hurudi shuleni upesi kama wengine? Muuguzi alimruhusu aende nyumbani, hakumwona tena. Mwalimu anaona nafasi tupu kwenye dawati. Kila mmoja ana kipande chake cha jibu.

Uingereza wameunganisha kumbukumbu za hospitali, shule na ustawi wa jamii za watoto zaidi ya milioni 14 katika hifadhi iitwayo ECHILD. Hata huko namba ya afya na namba ya mwanafunzi ni mbili tofauti, ikabidi kumbukumbu zioanishwe kwa majina na tarehe za kuzaliwa. Pasipo na namba ya pamoja, kazi huangukia majina na tarehe, na hapo kuna hesabu nzuri ya kuijua. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, wanatakwimu wa Kanada, waliandika kanuni inayotumika hadi leo: kumbukumbu mbili zikilandana kwenye jambo adimu, ushahidi ni mzito, zikilandana kwenye jambo la kawaida, ushahidi ni mwepesi. Rejista mbili zikikubaliana kwamba mtoto alizaliwa tarehe 17 Machi, hilo lina uzito. Zikikubaliana kwamba alizaliwa 1 Januari, hazijakuambia karibu lolote. Jina Ilunga, ambalo limeenea Katanga nzima, halisaidii sana. Na pacha ndio mtihani mkubwa kuliko yote: baba mmoja, nyumba moja, tarehe moja, na kila nyumba yenye pacha inaweza kuwa na Kisimba na Kabange wake. Kompyuta itamwandikia Kisimba sindano aliyochomwa Kabange.

Ndiyo maana naona njia inayofaa Mantapala ilishaonyeshwa Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Huko watafiti wa Tanzania wamekuwa wakizifuata kaya tangu 1994. Walipotaka kuziunganisha kumbukumbu za kaya na za kliniki, kuanzia 2015, hawakuiachia kompyuta peke yake ikisie usiku ofisini. Karani aliketi kwenye kituo cha afya na kompyuta ndogo. Mgonjwa akifika, anaelezwa, anaombwa ridhaa, kisha anaulizwa jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na anaishi na nani. Programu inatoa orodha ya wanaofanana naye, na wawili hao wanaipitia pamoja mpaka mgonjwa ajitambue kwa watu wa nyumbani kwake. Mama Kabange angemaliza shauri letu kwa dakika chache: huyu ndiye Joji, ndugu yake yule pale, mimi ndiye mama yao.

Njia hiyo ina faida nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko usahihi. Mzazi anajua kinachofanyika. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba taarifa za wakimbizi Warohingya zilizokusanywa na UNHCR nchini Bangladesh zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu waliombwa ridhaa, ilhali wengi waliohojiwa walisema hawakuelewa hivyo. Mkimbizi ana sababu ya kuogopa orodha. Zambia ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2021, na watafiti wana utaratibu wa kutenganisha kazi: anayeoanisha majina haoni magonjwa, anayechambua magonjwa anaona namba tu. Yote hayo ni ya lazima. Bado mama anayekataa lazima mtoto wake atibiwe na kusomeshwa sawasawa na wengine, na aambiwe hivyo kabla ya kuulizwa swali la kwanza.

Kuna rejista nyingine ambayo wapangaji wa mipango huisahau: ya wanaorudi kwao. Desemba 2021 familia za kwanza zilianza kurudishwa kwa hiari kutoka Mantapala kwenda Pweto. Mtoto aliyepanda gari siku hiyo, kwenye kitabu cha shule ataonekana ameacha masomo, na kliniki ataonekana hajarudi kuchukua dawa. Asiyejua atahesabu kurudi kwao kama hasara ya malaria. Orodha ya wasafiri nayo iingizwe, pamoja na kadi ya kliniki ambayo mama huivukisha mpaka, ili muuguzi wa Pweto aanzie pale wa Mantapala alipoishia.