Vita vya Majimaji: Watoto wafundishwe zaidi ya sababu za kushindwa

MWANAFUNZI wa Kitanzania akiulizwa kuhusu Vita vya Majimaji hujibu upesi. Atataja miaka ya 1905 hadi 1907, atamtaja Kinjeketile Ngwale na maji yake, kisha atazipanga sababu za wapiganaji kushindwa: silaha duni, kukosa umoja, na kuamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Majibu hayo yana alama zake katika mtihani. Hata hivyo, mtoto anayeishia hapo hutoka darasani na picha moja tu, kwamba babu zake walikuwa watu wepesi wa kudanganyika.

Makala haya yanaeleza kwa nini picha hiyo ina upungufu, na ni kwa namna gani somo la historia ya ukoloni linaweza kumpa mtoto kitu kikubwa zaidi: uwezo wa kuuliza habari za kale zimemfikiaje, na kwa kinywa cha nani.

Pamba, kodi na viboko

Kosa la kwanza la orodha hiyo ni kuanza hadithi mwishoni. Kabla ya kuuliza kwa nini watu walishindwa, yafaa kuuliza kwa nini walipigana.

Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeshika madaraka mwaka 1901, alianzisha mashamba ya pamba ya jumuiya katika sehemu za kusini na mashariki ya koloni. Wanakijiji walilazimishwa kuyalima chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, kwa viboko, wakati ambapo mashamba yao ya chakula yaliwahitaji. Malipo yalikuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea.

Ndiyo maana vita vilianzia shambani. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wanaume wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waling'oa mipamba. Kwa nje kilikuwa kitendo kidogo, lakini kila aliyekiona alielewa maana yake: ilikuwa ni kutangaza vita. Mtoto aliyeshika jembe katika shamba la shule au la nyumbani hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwa nini mmea uligeuka kuwa adui.

Maji yalikuwa na kazi gani?

Kinjeketile, aliyeishi Ngarambe, aliwapa watu dawa ya maji. Alikamatwa mapema na kunyongwa huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Pamoja na hayo, vita vilisambaa kusini mwa nchi na kudumu kwa takriban miaka miwili baada ya kifo chake. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mwanafunzi atie shaka maelezo kwamba vita hivyo vilikuwa matokeo ya hila za mganga mmoja.

Maji yalifanya kazi ya siasa. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Wajumbe walioitwa hongo waliipeleka dawa kutoka kijiji hadi kijiji, na aliyeipokea alijifunga katika kiapo kimoja na watu asiowajua. Kuamini kinga ya dawa hakukuwa jambo la ajabu kwa watu wa zama hizo, na kuwaunganisha watu waliotengana kulihitaji lugha ambayo wote waliielewa.

Njaa iliyoua zaidi ya bunduki

Kosa la pili ni kunyamazia jinsi vita vilivyokwisha. Wapiganaji walipoivamia boma ya Mahenge, Agosti 30, 1905, bunduki za rashasha ziliwaua kwa mamia. Lakini waliokufa vitani walikuwa wachache wakilinganishwa na waliokufa kwa njaa. Maofisa wa Kijerumani waliamua kuchoma vijiji, kuteketeza mazao na kutwaa akiba ya nafaka, wakijua fika matokeo yake.

Serikali ya Wajerumani yenyewe ilikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Mtanzania G.C.K. Gwassa alifikia makadirio ya kati ya watu 250,000 na 300,000. Kwa upande wa serikali, waliohesabiwa kuuawa ni Wazungu 15, askari Waafrika 73 na wasaidizi wao 316. Mwalimu akiziandika namba hizo ubaoni na kuuliza kwa nini makadirio ya kwanza na ya pili yanatofautiana kiasi hicho, atakuwa amefundisha historia kwa dakika kumi kuliko kwa wiki nzima ya kunakili. Nani alihesabu? Alihesabu lini? Je, aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 aliingizwa katika hesabu?

Tunayajuaje haya?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa na wasomi wetu miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee, wakiwamo waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Sauti hizo zilitoa mambo ambayo nyaraka za Wajerumani hazikuwa nayo. Mwaka uliofuata, tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile ilichapishwa, na tangu hapo imesomwa shuleni na vizazi kadhaa.

Lakini kila zama huandika historia kwa haja zake. Taifa changa lilihitaji kuuona Majimaji kuwa mzizi wa umoja wa kitaifa. Wanahistoria waliofuata, wakiwamo walioandika katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, walionyesha kwamba kila eneo lilikuwa na sababu zake, ugomvi wake na majirani zake. Wahehe wengi, ambao Mkwawa wao alikufa mwaka 1898 baada ya miaka mingi ya kupambana na Wajerumani, safari hii walikuwa upande wa serikali. Na wengi wa waliofyatua risasi kwa amri ya Wajerumani walikuwa Waafrika.

Je, mambo hayo yafichwe kwa watoto? Hasha. Mtoto wa Songea na mtoto wa Iringa wanaokaa dawati moja wanaweza kuelezwa kwamba ukoloni uliwaweka watu mbele ya machaguo mabaya matupu. Ukweli huo haumdhalilishi yeyote. Kinyume chake, humfundisha mtoto kutohukumu kabla ya kuelewa.

Lugha ya darasani na mtihani

Kwa miaka mingi historia katika shule za sekondari ilifundishwa kwa Kiingereza. Kijana aliyesikia habari za vita kwa Kimatumbi au Kiswahili nyumbani alitakiwa kuziandika kwa lugha ambayo bado alikuwa akijifunza, na mara nyingi njia salama ilikuwa kukariri. Tangu mwaka 2024, mtaala mpya umeingiza somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hiyo ni hatua kubwa.

Hata hivyo, kuyaunganisha mambo hayo mawili katika jina moja kunahitaji uangalifu. Historia ikigeuzwa mahubiri, mwanafunzi atabadilisha tu orodha ya kukariri: badala ya sababu za kushindwa, atataja sifa za mashujaa. Maadili ya kwanza ya historia ni ukweli, na ukweli hutafutwa kwa kulinganisha ushahidi.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Kwa wanafunzi wadogo, yatosha kuanza na mahali na vitu: boma la kale, kaburi, jina la kijiji. Kwa wakubwa, karatasi moja yenye taarifa ya ofisa wa Kijerumani upande mmoja na masimulizi ya mzee upande wa pili inatosha kwa kipindi kizima. Kinachohitajika zaidi ni kwamba mtihani nao ubadilike, kwa sababu mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi atafundisha kile kinachotungiwa maswali.

Deni ambalo watoto watalirithi

Suala hili si la vitabuni tu. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, na kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa hapo penye Makumbusho ya Majimaji. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na inaaminiwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Alinyongwa pia Nkomanile, mwanamke kiongozi ambaye vitabu vingi havimtaji.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi, na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Mazungumzo juu ya mabaki ya wahenga na vitu vilivyochukuliwa yatachukua miaka mingi. Watakaoyaendeleza sasa wako darasani. Siku watakapoketi mezani na wenzao wa Berlin, orodha ya sababu za kushindwa haitawafaa kitu. Watahitaji kujua nani alifanya nini, wapi, na ushahidi uko wapi.

Wazee walioshuhudia vita wamekwisha kutoweka, na waliosimuliwa na wazazi wao nao wanapungua kila mwaka. Zoezi la nyumbani la kumwuliza babu au bibi alisikia nini, na kuliandika jibu lake pamoja na jina na tarehe, laweza kutolewa na shule yoyote, muhula huu huu.