Börje Salming, beki wa Uswidi aliyeitwa mwoga kisha akafungulia Ulaya mlango wa NHL

Katika hoki ya barafu, tuzo ya Norris hupewa kila mwaka beki bora wa NHL, ligi kubwa ya Amerika Kaskazini. Raia wa Uswidi wameichukua mara 11: Nicklas Lidström mara 7, Erik Karlsson mara 3 na Victor Hedman mara 1. Börje Salming, aliyewatangulia wote watatu, hakuipata hata siku moja. Lakini mtu akitaka kujua namna Waswidi walivyokubalika katika ligi ile, ni lazima aanze na jina lake.

Salming alicheza NHL misimu 17, kuanzia mwaka 1973 hadi 1990. Misimu 16 aliichezea Toronto Maple Leafs ya Kanada, na mmoja Detroit Red Wings ya Marekani. Alicheza mechi 1,148 za msimu wa kawaida, akafunga mabao 150 na kutoa pasi za mabao 637. Kwa beki, hizo ni hesabu kubwa. Alifariki tarehe 24 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 71.

Mtoto wa mji wa migodi

Salming alizaliwa tarehe 17 Aprili 1951 katika kijiji cha Salmi, karibu na mji wa Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Ni eneo la baridi kali, ambako katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa siku nyingi. Kwa upande wa baba, familia yake ilikuwa na asili ya Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaojulikana kwa ufugaji wa kulungu wa baridi.

Kiruna unaishi kwa chuma kinachochimbwa chini ya ardhi, na baba yake Salming alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Börje akiwa na miaka 5, baba yake alifia mgodini katika ajali. Mama alibaki kulea watoto. Kaka yake mkubwa, Stig, alikuwa pia mchezaji wa hoki, na mdogo akafuata nyayo zake hadi Brynäs, ekipe ya mji wa Gävle. Pamoja na Brynäs, Börje alibeba ubingwa wa Uswidi mwaka 1971 na mwaka 1972.

Mwishoni mwa mwaka 1972, Gerry McNamara, aliyekuwa akiitafutia Toronto wachezaji, alifika Uswidi. Alikuwa akitafuta kipa. Siku moja akaangalia mechi kati ya Brynäs na ekipe moja iliyotoka Kanada. Wakanada walicheza kwa nguvu nyingi, lakini beki mmoja mwembamba wa Brynäs hakurudi nyuma hata hatua moja. Alikuwa Salming. Mwamuzi akamtoa nje kwa utovu wa nidhamu. McNamara hakungoja mechi iishe. Alimfuata katika chumba cha kubadilishia nguo na kumwuliza kama angependa kuchezea Toronto. Mwaka uliofuata, Salming na mwenzake Inge Hammarström walipanda ndege kwenda Kanada.

Ligi isiyotaka wageni

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu: kila ekipe huwa na wachezaji 6 uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini, na kwa fimbo wanasukuma kisahani kigumu cha mpira hadi wavuni. Sheria inaruhusu kumgonga kwa mwili mpinzani mwenye kisahani. Katika NHL, hata wanaopigana ngumi hutolewa nje dakika 5 tu, kisha wanarudi kucheza.

Mwaka 1973, karibu wachezaji wote wa ligi hiyo walikuwa Wakanada. Mswidi wa kwanza, Ulf Sterner, aliichezea New York Rangers mechi 4 tu mwaka 1965, kisha akarudi kwao. Wengi waliamini kwamba watu wa Ulaya wanajua kuteleza na kupiga pasi nzuri, lakini wakigongwa wanakimbia. Matusi yalikuwa tayari kabla Salming hajafika: Mswidi ni mwoga, Mswidi ni kuku.

Mechi yake ya kwanza, tarehe 10 Oktoba 1973, ilimwendea vizuri. Toronto ilishinda Buffalo Sabres 7-4, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mechi. Mechi iliyofuata ilikuwa Philadelphia, kwa Flyers, ekipe iliyoogopwa kuliko zote kwa ngumi na fimbo. Huko ndiko alikoonja mapokezi yenyewe. Walimgonga, wakampiga kwa fimbo, na Dave Schultz, mpiganaji wao mkuu, akamwingilia kwa ngumi. Salming alijibu, kisha akaendelea kucheza.

Hali ikawa hivyo misimu mingi. Wapinzani walikuwa na hesabu yao: Mswidi akipigwa vya kutosha, ataomba tiketi ya kurudi nyumbani. Hata ndani ya Toronto kulikuwa na dharau. Mmiliki wa ekipe, Harold Ballard, alimcheka Hammarström mbele ya watu, akisema anaweza kuingia kwenye kona ya uwanja na mayai 6 mfukoni na kutoka bila kuvunja hata moja. Hammarström aliondoka Toronto mwaka 1977. Salming alibaki.

Kipigo kilichofika mahakamani

Mwezi wa Aprili 1976, Toronto na Philadelphia zilikutana katika mechi za mtoano. Mechi ya tatu, iliyochezwa Toronto, iligeuka vurugu. Mel Bridgman wa Flyers alimvamia Salming na kumpiga ngumi usoni mfululizo. Mambo hayakuishia uwanjani. Roy McMurtry, waziri wa sheria wa jimbo la Ontario, aliamuru Bridgman na wachezaji wengine wa Flyers wafunguliwe mashtaka. Mchezo uliokuwa umezoea kuficha ngumi zake chini ya jina la ushindani ukaitwa mbele ya sheria.

Jibu la Salming lilikuja katika mechi iliyofuata. Akiwa na alama za kipigo usoni, alitoroka na kisahani, akabaki uso kwa uso na Bernie Parent, mmoja wa makipa bora duniani wakati huo, na kumfunga. Mashabiki wa Toronto walisimama na kushangilia kwa muda mrefu. Flyers walishinda mzunguko huo katika mechi ya saba, lakini swali la uoga lilikuwa limekwisha kujibiwa.

Miezi michache baadaye, Septemba 1976, Kombe la Kanada lilikutanisha nchi kubwa za hoki. Salming aliingia katika uwanja wa Maple Leaf Gardens mjini Toronto akiwa amevaa rangi za Uswidi, yaani kama mpinzani. Jina lake lilipotajwa, Wakanada hao hao walisimama na kumpigia makofi kana kwamba ni mtoto wao.

Beki aliyelala mbele ya mashuti

Sifa ya Salming haikujengwa kwa ngumi. Aliweza kuchukua kisahani nyuma kabisa, kupita katikati ya wapinzani na kuanzisha mashambulizi, jambo ambalo mabeki wengi wa zama zake walikuwa wakiwaachia washambuliaji. Mpinzani alipoinua fimbo kupiga shuti, Salming alijitupa chini na kulizuia kwa mwili wake. Kila mwaka, kutoka 1975 hadi 1980, aliwekwa kati ya mabeki bora wa ligi. Mwaka 1977 akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kuingia katika kikosi cha kwanza cha nyota wa NHL. Katika kura za tuzo ya Norris alikuwa wa pili mara mbili, mwaka 1977 na mwaka 1980, na mara zote mbili aliyemshinda ni Larry Robinson wa Montreal.

Mwili ulilipa bei. Mwaka 1978 aliumia jicho katika mechi za mtoano. Tarehe 26 Novemba 1986, katika mechi na Detroit, alianguka, na kiatu cha Gerard Gallant kikamkanyaga usoni kwa bahati mbaya. Chuma kilimpasua kutoka juu ya jicho hadi karibu na mdomo. Madaktari walimshona nyuzi zaidi ya 200. Kovu hilo alilibeba hadi mwisho.

Mwaka huo huo alipata doa jingine. Alikiri katika gazeti kwamba miaka ya nyuma aliwahi kujaribu kokaini, na ligi ikamsimamisha mechi 8.

Kombe la Stanley, linalotafutwa na kila mchezaji wa NHL, hakulipata. Miaka mingi ya kazi yake, Toronto ilikuwa ekipe dhaifu yenye uongozi wa fujo. Baada ya msimu mmoja Detroit, alirudi Uswidi mwaka 1990 na kuichezea AIK ya Stockholm. Mwaka 1992, akiwa na miaka 40, bado aliiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya Albertville, Ufaransa. Alistaafu mwaka 1993. Mwaka 1996 akawa Mswidi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la hoki mjini Toronto.

Siku za mwisho

Mwezi wa Agosti 2022, familia na ekipe yake ya zamani zilitangaza kwamba Salming ana ugonjwa wa ALS. Ugonjwa huo unaua neva zinazoendesha misuli: mtu anapoteza nguvu za mikono na miguu, kisha sauti, kisha uwezo wa kumeza na kupumua. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Novemba mwaka huo alifunga safari ya mwisho kwenda Toronto. Hakuweza tena kusema. Tarehe 11, mbele ya uwanja uliojaa, alisimama kati ya Mats Sundin, Mswidi aliyekuja kuwa kapiteni wa Toronto, na Darryl Sittler, kapiteni wa miaka yake. Mkono ulikuwa hauna nguvu ya kuwapungia watu, Sittler akaushika na kuuinua, huku machozi yakimtoka. Kesho yake Salming alikuwa tena uwanjani, na kocha wa Toronto akaanza mechi na Waswidi wake. Siku 12 baadaye, Salming akafariki.

Kiu ya kuwaona Waulaya wakishindwa ilikuwa imezimika zamani. Mwaka 1989, Sundin alikuwa Mulaya wa kwanza kuchaguliwa namba moja kati ya vijana wote wanaoingia NHL. Mwaka 2008, Lidström aliinua Kombe la Stanley akiwa kapiteni wa Detroit. Hakuna aliyewauliza tena kama Mswidi anaweza kustahimili kugongwa.

Nyumbani Uswidi, mfuko wenye jina la Salming unachangisha pesa za utafiti wa ALS. Huko Toronto, jezi namba 21 imestaafishwa, haivaliwi tena na mchezaji yeyote. Na katika historia yote ya Maple Leafs, ekipe iliyoanza mwaka 1917, hakuna aliyefikia pasi za mabao 620 alizotoa beki huyo kutoka Kiruna.